Nchi Isiyo na Jinai

Hadithi ya upelelezi ina sharti moja ambalo wasomaji wake hawalioni kwa sababu wamelizoea mno. Sharti lenyewe ni kwamba mtu akiuawa, pawe na mtu mwenye ruhusa ya kusema kuwa ameuawa. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960, aweza kukaa na kiko chake, akamhoji huyu na kumwuliza yule, kwa kuwa katika Unguja yake hapana abishaye kwamba maiti iliyo mbele ya watu ni ya mtu aliyeuawa. Hubishaniwa nani muuaji. Hakubishaniwi kama mauaji yametokea. Faraji Katalambulla naye, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, aliwapa polisi wake kazi ngumu, walakini hakuwanyima haki ya kuifanya. Je, itakuwaje hadithi ya namna hii ikitiwa katika nchi ambayo mauaji yamekatazwa si kwa sheria tu, bali hata kwa msamiati?

Swali hili ndilo lililojibiwa na Tom Rob Smith, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1979, katika riwaya yake ya kwanza, Child 44, yaani Mtoto wa 44. Ilitoka mwaka 2008, na mwaka ule ule ikatiwa katika orodha ndefu ya tuzo ya Booker, heshima ambayo vitabu vya kusisimua damu huipata kwa nadra sana. Mambo yake yanatokea katika Urusi ya mwaka 1953, Stalin akiwa katika siku zake za mwisho. Mtu mmoja anaua watoto kando ya njia ya reli, mji hata mji, na namna ya kuua kwake ni ile ile: mguuni mwa mtoto uzi, kinywani amejazwa takataka za msituni. Mtoto yeyote mwenye akili angeweza kuona kwamba mkono uliofanya hivi ni mmoja. Dola nzima haikuona.

Haikuona kwa sababu ilikuwa na fundisho. Chama cha Kikomunisti kilifundisha kwamba jinai ni mtoto wa ufukara na unyonyaji. Mzazi akifa, mtoto hatakaa muda mrefu. Wizi na uuaji katika nchi ya Kisovieti ni masalio ya ulimwengu wa kale, nayo yatakauka kama tawi lililokatwa shinani. Si haki kulicheka fundisho hili. Ni kweli kwamba njaa hufanya wezi, na ni kweli kwamba watu wengi wema, ndani na nje ya Urusi, waliliamini kwa moyo safi. Kosa halikuwa katika kutumaini. Kosa lilikuwa katika kulichukua tumaini na kuliandika katika daftari la polisi kana kwamba ni habari ya jambo lililokwisha kutendeka. Katika mpango wake wa mwaka 1961 Chama kiliahidi waziwazi kuing'oa jinai. Na hadi miaka ya mwisho ya 1980 takwimu kamili za jinai zilifichwa na serikali kama siri za vita.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1923, mapinduzi yakiwa na miaka sita tu, alishitakiwa huko Moscow mtu aliyejulikana kwa jina la Komarov, mwuza farasi, ambaye aliwavuta wanunuzi nyumbani kwake akawaua, watu wasiopungua 29. Kesi yake ilisikizwa hadharani, magazeti yakaiandika, na Mikhail Bulgakov, ambaye baadaye alipata sifa kubwa katika riwaya, akatunga makala juu yake. Muuaji akahukumiwa, akauawa, na dola changa haikuanguka kwa aibu. Basi kimya kilichokuja baadaye hakikuwa tabia ya Warusi, wala hakikuwa lazima ya ujamaa. Kilikuwa ni jambo lililochaguliwa.

Sehemu bora ya riwaya ya Smith haimo katika kukimbizana na kupigana, ingawa yamo mengi ya namna hiyo, pengine kupita kiasi. Imo karibu na mwanzo, katika chumba kimoja cha Moscow. Mtoto mdogo wa kiume ameokotwa maiti juu ya reli. Baba yake, Fyodor, ni mtumishi wa polisi ya usalama wa dola. Jamaa zake wamekusanyika na kusema mwana wao ameuawa. Mkubwa wa Fyodor, Leo Demidov, shujaa wa vita na mtumishi mwaminifu, anatumwa kwenda kuwatuliza. Kutuliza huko ni kuwaambia yaliyoandikwa katika ripoti: kwamba mtoto aligongwa na gari la moshi, kwamba ni ajali, na kwamba anayesema vinginevyo anaisingizia nchi uchafu isiokuwa nao.

Mwandishi mdogo kwa kipaji angemfanya Leo kuwa katili katika chumba hiki. Smith hakufanya hivyo. Leo anakwenda kwa huruma. Anajua kwamba Fyodor akishika neno lile la mauaji, ataitwa adui, na watakaopotea watakuwa si mtoto mmoja bali nyumba nzima. Kwa hiyo anamsihi akubali uwongo kama mtu anavyomsihi mgonjwa anywe dawa chungu. Hapo msomaji huona jambo ambalo vitabu vya historia, pamoja na hesabu zao zote za waliofungwa na waliouawa, hulionyesha kwa shida: katika nchi kama ile, hata rehema hulazimika kusema lugha ya mwongo. Wazazi wananyang'anywa mara mbili. Kwanza wananyang'anywa mwana. Kisha wananyang'anywa kifo chake, kwa maana kifo kisichoitwa kwa jina lake hakiliwi matanga yake.

Waswahili husema mficha maradhi kilio kitamfichua. Lakini methali hii yadhani kwamba kilio kitasikika. Mpango wa dola ile ulikuwa ni kuzuia hata kilio, na ulipoweza kukizuia, maradhi yalikuwa na uhuru wa kusafiri.

Yakasafiri kwa gari la moshi. Leo, aliyekataa kumshitaki mkewe Raisa kwa ujasusi usiokuwapo, anashushwa cheo na kupelekwa katika mji mdogo wa viwanda karibu na milima ya Ural, na huko anakuta maiti ya msichana yenye alama zile zile alizowakataza jamaa za Fyodor wasizitaje. Hapa ndipo riwaya inapofunua jinsi kanusho lilivyofanya kazi, na jambo hili lastahili kutazamwa kwa utulivu. Mtu angedhani kwamba nchi isiyokiri mauaji haikamati wauaji. Kinyume chake, inawakamata wengi mno. Maiti ikionekana, na haiwezekani kuitwa ajali, basi lazima apatikane upesi mtu ambaye si raia kamili: mlevi, mwizi wa zamani, kijana punguani, mwanamume anayeshukiwa kupenda wanaume wenzake. Mtu wa namna hii yuko nje ya jamii njema, na kosa lake haliitii doa. Anashikwa, anaungama kwa njia ambazo kila mtu anazijua na hapana anayezisema, na jalada linafungwa. Mji wa pili unafanya vivyo hivyo, na wa tatu. Leo na mkuu wa polisi wa mji ule, Nesterov, wanapoziunganisha habari kwa siri, wanakuta hesabu ya watoto imefika 44, na karibu kila mtoto ana muuaji wake aliyekwisha hukumiwa. Majalada yote yamefungwa. Yakifungwa hayahesabiwi pamoja. Yasipohesabiwa pamoja hapana muuaji mmoja. Na asipokuwapo muuaji mmoja, yeye yuko katika behewa, ana tikiti mkononi, anaelekea kituo kingine.

Katika nchi ya namna hiyo mpelelezi ndiye mhalifu. Leo hana cheti, hana askari, hana hata haki ya kuuliza. Kila swali lake ni uasi, na mashahidi wanamwogopa yeye kuliko wanavyomwogopa muuaji, na wana sababu. Mkewe mwenyewe anamfungulia siri kwamba alikubali posa yake kwa kuogopa kitakachompata akimkataa. Neno hili moja la Raisa lina uzito kuliko mapigano yote ya nusu ya pili ya kitabu.

Smith hakubuni kila kitu. Nyuma ya riwaya yake yuko mtu wa kweli, Andrei Chikatilo, mzaliwa wa Ukraine mwaka 1936, ambaye kati ya mwaka 1978 na 1990 aliua wanawake na watoto, wengi wao katika jimbo la Rostov, karibu na stesheni na vituo vya mabasi. Mwaka 1992 mahakama ya Rostov ilimtia hatiani kwa mauaji ya watu 52, naye aliuawa kwa risasi tarehe 14 Februari 1994. Alikuwa amesoma chuo kikuu, alikuwa na mke na watoto wawili, na kwa miaka mingi alikuwa mwanachama wa Chama. Alipata kuwa mwalimu. Malalamiko yalipozuka kwamba anawachezea wanafunzi, aliachiwa aondoke kimya kimya, akapata kazi katika shule nyingine. Kisha akawa mtumishi wa ununuzi wa vifaa vya kiwanda, kazi iliyompa haki ya kupanda gari la moshi apendapo.

Kwa mauaji ya kwanza, ya msichana wa miaka tisa mwezi Desemba 1978, alishikwa mtu mwingine aliyekuwa na hatia ya zamani, akaungama, akauawa mwaka 1983. Baadaye hukumu yake ilitenguliwa, yeye akiwa kaburini. Vijana wenye upungufu wa akili walishikwa na kuungama mauaji yaliyoendelea kutokea wao wakiwa kifungoni. Wanaume wapendao wanaume wenzao walisakwa, na baadhi yao walijiua. Yote ambayo msomaji wa riwaya angeyadhania kuwa chumvi ya mtunzi yalitokea kweli, na magazeti kwa muda mrefu hayakuandika neno la kuwatahadharisha wazazi. Mama aliyemtuma mwanawe mkate jioni hakujua kwamba kuna jambo la kuogopa, kwa sababu kumwambia kungekuwa ni kukiri.

Lakini mtunzi alihamisha tarehe. Mambo ya miaka ya 1978 hadi 1990 aliyarudisha nyuma robo karne, akayaweka katika mwaka wa kufa kwa Stalin. Kwa kazi ya kusisimua alichagua vizuri: hofu ilikuwa kubwa zaidi, na kila mlango ukigongwa usiku moyo wa msomaji hugonga nao. Walakini kuna kilichopotea, nacho si kidogo. Stalin akiwapo, kila uovu una maelezo. Msomaji hufunga kitabu akisema kwamba ilikuwa zama ya jabari, na jabari amekufa. Chikatilo alipoanza kuua, Stalin alikuwa amezikwa miaka 25. Polisi wa Rostov hawakuwa mashetani. Kati yao walikuwamo watu, kama Viktor Burakov, waliojichosha kwa miaka mingi wakimtafuta. Burakov alithubutu hata kumwendea daktari wa magonjwa ya akili, Aleksandr Bukhanovsky, amchoree sura ya nafsi ya muuaji, jambo geni kabisa katika polisi ile. Naye Chikatilo alikuwa mikononi mwao mwezi Septemba 1984, na kisu na kamba mkobani mwake. Wakamwachia kwa sababu damu yake ilionyesha kundi A, na alama alizoacha muuaji juu ya maiti zilionyesha kundi AB. Akafungwa miezi michache kwa wizi mdogo, akatoka, akaendelea kuua kwa miaka sita.

Habari hii ni ya kutisha kuliko riwaya, kwa kuwa haihitaji jabari. Yahitaji tu ofisi ambayo mkubwa hapendi kusikia habari mbaya, maabara ambayo jawabu lake haliulizwi mara ya pili, na gazeti ambalo limezoea kunyamaza. Hofu ya mwaka 1953 ilikuwa imekwisha, na desturi yake ilibaki ikifanya kazi peke yake, kama gurudumu linalozunguka baada ya mkono kuondolewa. Smith angaliandika kitabu hiki, kingekuwa na mapigano machache, na pengine kingeuzwa kidogo. Lakini kingekaa akilini kwa muda mrefu zaidi.

Kuna na kasoro nyingine, iliyo kubwa kuliko hiyo. Riwaya inaanza mwaka 1933 katika kijiji cha Ukraine wakati wa ile njaa kuu iliyoua mamilioni, njaa iliyoletwa na serikali yenyewe kwa kunyang'anya nafaka. Ndugu wawili, Pavel na Andrei, wanatega paka ili wamle. Pavel anatekwa na mtu mwenye njaa, hatarudi tena. Ukurasa baada ya ukurasa msomaji huwasahau, mpaka karibu na mwisho, anapojulishwa kwamba Leo ndiye Pavel, na muuaji ndiye Andrei, anayeua watoto kwa alama za mtego wao wa zamani ili kaka yake azione na kumjia. Uzi na takataka za kinywani vyote vinapata maana. Fundi wa hadithi hushangilia. Lakini fikra iliyobebwa na kitabu tangu mwanzo hapo inatua chini mzigo wake. Kwa kurasa nyingi mwandishi amethibitisha kwamba mauaji haya yaliwezekana kwa sababu ya uwongo wa watu wote. Ghafula yanakuwa shauri la nyumba moja, barua ya ndugu kwa ndugu. Watoto 44 wanageuka kuwa wino wa barua hiyo.

Hata hivyo mbegu ya jambo hili si ya kubuniwa. Mama yake Chikatilo alimwambia utotoni kwamba alikuwa na kaka, Stepan, aliyeibwa na kuliwa na majirani katika miaka ya njaa. Hayakupatikana maandishi ya kuthibitisha kwamba Stepan aliwahi kuzaliwa. Yamkini alikuwapo, yamkini mama alimtunga ili mtoto asiende mbali na nyumba. Katika nchi ambayo njaa yenyewe ilikatazwa kutajwa, habari za waliokufa zilibaki mikononi mwa akina mama, zikasimuliwa gizani kama hadithi za mazimwi. Laiti Smith angaliliacha jambo hili katika shaka hiyo, badala ya kulifunga fundo gumu namna ile.

Kitabu kilifanywa sinema mwaka 2015, ikiongozwa na Daniel Espinosa, na Tom Hardy akimwiga Leo. Haikuwa sinema njema; waigizaji wanasema Kiingereza kwa kukipindisha ulimi kama Warusi, na hapo hata huzuni huwa karibu na kichekesho. Katika Urusi iliondolewa siku moja kabla ya kuonyeshwa, mwezi Aprili, wakati nchi ikijitayarisha kuadhimisha miaka 70 ya ushindi wa vita. Wizara ya Utamaduni ilisema sinema inapotosha historia. Katika makosa madogo madogo wizara ilikuwa na haki, maana sinema imepaka kila kitu rangi moja ya matope, na mwananchi aliyeishi siku zile na kucheka na kuoa na kusomesha watoto hajioni mle ndani. Lakini malalamiko ya namna hiyo hujibiwa na wahakiki magazetini, na watazamaji wakaamua. Hayahitaji wizara.

Katika kurasa za mwisho Leo anarudishwa Moscow na kupewa alichokiomba, idara ya kuchunguza mauaji. Stalin amekufa, wakubwa wapya wako tayari kukubali kwamba watu huuawa, na katika kitabu cha pili, The Secret Speech cha mwaka 2009, idara hiyo inafanya kazi. Inafanya kazi kwa siri. Leo na Raisa wamewachukua nyumbani wasichana wawili yatima, Zoya na Elena, ambao wazazi wao walipigwa risasi na msaidizi wa Leo mwenyewe katika msako ambao Leo aliuongoza. Elena ni mdogo, aweza kuzoea. Zoya, mkubwa wake, alikuwapo pale ghalani. Hapana ripoti inayoweza kusomwa mbele yake, wala hapana wa kumwambia kwamba ilikuwa ajali. Anakula mezani kwa Leo, na kila jioni anamtazama.